Ambulensi ikiwa nyuma yako njia nne ya Sakina–Tengeru, unaenda kushoto au kulia?

Ngarenaro_Boy
Wakuu habari za jioni. Naomba tuliongelee hili bila matusi. Ivi ambulensi ikija nyuma yako na king'ora kwenye njia nne ya Sakina kwenda Tengeru, afu wewe upo leni ya kulia, unatakiwa ufanye nini hasa? Maana kila mtu anafanya lake. Mmoja anakurupuka kwenda kushoto bila indiketa anataka kumzoa bodaboda, mwingine anakanyaga breki hapohapo katikati ya njia, mwingine ndo kwanza anaongeza mafuta wakimbizane mpaka Ngulelo, na kuna hawa jamaa wa vifodi (daladala) ikishapita tu wanaingia mkiani wanasafiri nayo bure. Mi naona watu wengi hapa Chuga (Arusha) sio kwamba hawataki kupisha, hawajui waende wapi. Shule ya udereva niliambiwa "pisha gari la wagonjwa" basi, hakuna aliyeniambia napishaje. Wenye uzoefu tiririkeni.

mzee_wa_Haisi
Kushoto. Kwisha habari. Nchi hii tunaendesha kushoto, anayepita anapita kulia kwako. Washa indiketa, toka, simama, akipita endelea na safari zako.

Chalii wa Kijenge
Mzee unaongea kama barabara ni ya kwako peke yako. Kushoto ipi saa kumi na moja jioni pale Philips? Kushoto kuna vifodi vinapakia, kuna bajaji, pembeni kuna mama kapanga ndizi, baada ya hapo mtaro. Unataka niingie mtaroni na IST yangu ya mkopo?

mzee_wa_Haisi
Ndo maana nimesema toka, sijasema tumbukia.

Mangi_wa_Uru
Mi nianze na lingine kabisa. Watu wamechoka kupisha kwa sababu kila mwenye V8 siku hizi ana king'ora na vimulimuli kwenye shoo ya mbele. Unasikia paaa paaa nyuma yako unajibana mpaka saiti mira inagusa mti, kumbe ni bwana mkubwa anawahi harusi. Leo hii mtu akisikia king'ora kwanza anaangalia kwenye kioo ni nani, ndo anaamua. Hizo sekunde za kuamua ndo zinaua mgonjwa. Tusiwalaumu madereva wadogo tu.

Ngarenaro_Boy
Hapo mangi umegusa. Ila turudi kwenye swali kwanza, misafara tutaifikia.

Dereva_wa_Zamu
Nimewasoma kimya kimya nikaona nichangie, maana mi ndo naendesha hilo gari mnaloliongelea, hospitali siitaji. Ubishi wa kushoto na kulia acheni, wote mna ukweli, inategemea magari yanatembea au yamesimama.

Yakiwa yanatembea, we uliye leni ya kulia washa indiketa ya kushoto, angalia kioo, ondoa mguu kwenye mafuta, ukipata mwanya ingia kushoto niachie kulia. Usikimbilie. Mi nikiona indiketa yako tu natulia, najua huyu ameshaniona na najua anaelekea wapi, hata kama itakuchukua muda kidogo kupata nafasi nitasubiri nyuma yako. Si mnajua malori ya masafa yanavyoongea barabarani, ukiwa nyuma ya semi kule Kikatiti akikupa indiketa ya kushoto anakuambia pita, akikupa ya kulia anakuambia tulia kuna kitu kinakuja mbele. Basi na mimi niongeleshe hivyohivyo. Dereva asiyewasha kitu ndo ananipa shida kuliko hata yule mkaidi, mkaidi angalau najua hatoki natafuta njia nyingine, huyu mwingine anacheza kulia, anarudi kushoto, anarudi kulia, mwisho namsubiri yeye mpaka amalize kufikiria.

Foleni ikiwa imesimama hesabu inabadilika. Ukiwa kulia huwezi kwenda kushoto kwa sababu kushoto kuna mwenzako. Hapo wa kulia bana kulia mpaka karibu na ukingo wa kati, wa kushoto bana kushoto mpaka kwenye bega la barabara, pale katikati juu ya mstari panafunguka napita. Lakini hii inawezekana tu kama uliacha nafasi mbele yako. Watu wa Arusha kwenye foleni wanakaa pua kwenye tela, akitaka kukunja usukani gari haikunji maana mbele hakuna hata mita. Acha nafasi ya kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami, hiyo inatosha kuchomoka.

Na kubwa kuliko yote, msinikanyagie breki. Mnafikiri kusimama ghafla ni heshima. Nikiwa 80 natembea mita 22 kila sekunde moja, we ukisimama katikati ya leni yangu mi naanza kutafuta pa kukuhamia, na nyuma kuna mgonjwa amelala, nesi kasimama ameshika dripu, ndugu kakaa ubavuni hajafunga mkanda hata ukimwambia. Breki moja ya ghafla wote wale wanakuja mbele.

Chalii wa Kijenge
Hapo nimekuelewa mkuu. Zikitembea kushoto, zikisimama tunagawanyika. Mbona hii haijaandikwa popote kwa lugha nyepesi namna hii.

boda_Mbauda
Tatizo hiyo njia ya katikati mkifungua sisi ndo tunaijaza haha. Mi nasema ukweli. Boda akiona upenyo hajiulizi upenyo wa nani.

Dereva_wa_Zamu
Na ndo nachotaka kuongea na nyie. Boda ukisikia king'ora usipite katikati ya magari, nenda kushoto kabisa ya leni ya kushoto, kama kuna vumbi kula vumbi. Gari zikigawanyika zinasogea kuelekea pembeni kwa wakati mmoja, we ukiwa katikati ya leni mbili utabaki peke yako mbele ya bampa langu, na ukiwa ubavuni mwa gari linalobana kushoto litakubana na wewe. Kwaiyo we ndo utangulie kutoka, sio utoke mwisho.

boda_Mbauda
Sawa kaka. Ila waambie na wenye magari wawashe indiketa kabla ya kutubana, tuna familia.

Mama_Levolosi
Mimi ni nesi, nimekaa nyuma ya magari hayo sana kuliko ninavyotaka kukumbuka. Niwaambie kwa nini dakika zina maana maana naona watu wanadhani ni mbwembwe. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kama hajapata msaada anaweza kufa ndani ya masaa 2 au chini ya hapo. Sasa kwenye hayo masaa toa muda wa kugundua kituoni kwamba damu haikati, toa muda wa kuandika rufaa, kupiga simu, gari lije, apakiwe. Kinachobaki ndo barabara. Akitokea Usa River au Kikatiti kuja hospitali ya Mount Meru, ile foleni ya kuanzia Tengeru kuingia mjini ndo inakula muda wa kuongezewa damu. Na mtu moyo ukisimama ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika 4 mpaka 6 hivi, hapo wala hatuzungumzii masaa.

Halafu kuna kitu kinaniudhi. Mtu anachungulia dirishani anaona kitanda kitupu anaanza kupiga kelele "haina mgonjwa hiyo, dereva anawahi chai". Jamani gari linaenda KUCHUKUA mgonjwa. Lingekuwa na mgonjwa tayari angalau kuna mtu wa kumhudumia ndani, huyo anayesubiri huko hana mtu.

Ngarenaro_Boy
Dada swali, kuna siku unakuta ambulensi inatembea pole pole taa zinawaka ila haina king'ora, hiyo tunaipisha au tunaiacha?

Mama_Levolosi
Ipishe, ila bila haraka. Kuna wagonjwa tunamwambia dereva azime king'ora na aende taratibu. Aliyeumia uti wa mgongo kila tuta ni hatari kwake, mwingine kelele zinamzidishia hofu presha inapanda. Taa zikiwaka jua kuna kazi inaendelea humo ndani. Na usiku wa manane pia dereva anaweza kutumia taa tu mitaani kama barabara ni nyeupe.

Mangi_wa_Uru
Na zile zinazobeba mkaa na magunia ya viazi huku zinawasha king'ora? Au hizo hazipo 😂

Mama_Levolosi
Zipo stori hizo na zinatuaibisha sisi tunaofanya kazi. Mkiziona chukueni namba za gari mpeleke ngazi za juu. Ila ukiwa barabarani huna uwezo wa kukagua ndani, we pisha kwanza, ubishi baadae.

Theory_na_Vitendo
Mimi nafundisha udereva hapa Moshi. Kwanza hili jambo lipo kisheria, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ndo mama wa hizi habari zote, zimamoto, ambulensi na polisi wakiwa kazini wana kipaumbele, kupisha sio hisani. Ila nakubaliana na mwanzisha uzi kwamba darasani linapita kwa sentensi moja. Mimi wanafunzi wangu nawapa hali tofauti tofauti, niweke chache.

Kipilefti. Hapa ndo watu wanaharibu kuliko sehemu yoyote. Uko ndani ya kipilefti ya Impala, king'ora kinalia hujui kinatokea Njiro au kinatokea mjini, usisimame ndani ya duara. Ukisimama umefunga barabara zote kwa mpigo. Maliza mzunguko, toka kwenye njia yako kama kawaida, ukishatoka ndo utafute pembeni usimame. Na kama hujaingia, usiingie, subiri pale pale hata kama ni zamu yako, mpaka ujue gari linatokea wapi. Moshi ni hivyo hivyo pale YMCA.

Mataani. Ukiwa wa kwanza kwenye taa nyekundu na ambulensi ipo nyuma yako, usivuke nyekundu kwa kukurupuka. Wanaokuja na kijani upande wa pili hawajui habari zako. Sogea mbele na pembeni kidogo kidogo ili upenyo upatikane, lakini pua ya gari isiingie njia ya wenzako. Mwenye ruhusa ya kuingia pale kwa tahadhari ni yule mwenye king'ora, we huna. Kama kuna trafiki amesimama fuata mkono wake, mkono wa trafiki unashinda taa.

Njia mbili, yaani ukishapita Tengeru kuja huku kwetu. Hapa WOTE mnapisha, anayeenda na anayekuja. Kila mmoja kushoto kwake, katikati pabaki wazi. Mtu anayekuja kutoka Moshi anaona ambulensi inaenda upande mwingine anasema hainihusu, inakuhusu sana maana hiyo inaovateki lori inakuja usoni kwako. Lakini chagua pa kusimama. Mteremko wa Kikafu na zile kona zake usisimame, darajani usisimame, juu ya kilima ambapo wa nyuma hakuoni usisimame. Endelea na mwendo wako wa kawaida huku indiketa inawaka mpaka sehemu pana, bora umcheleweshe kidogo kuliko kumfanya akuovateki kwenye kona.

Chalii wa Kijenge
Mwalimu mi hofu yangu ni faini ya elfu 30. Nikisogea kwenye mstari wa mataa trafiki ananidaka, nikimwambia nilikuwa napisha ambulensi ambulensi yenyewe ilishafika hospitali.

Theory_na_Vitendo
Ndo maana nimesema usivuke. Kusogea pembeni hakuna trafiki mwenye akili atakuandikia. Akitokea mzingativu kupita kiasi mwambie kwa adabu, watu wameona.

Guide_Marangu
Niongezee kitu kutoka kwa wageni. Nina wateja wengi wa Kijerumani, kuna mmoja tulikwama foleni Usa River akaniuliza mbona magari hayajajigawa. Nikamuuliza yajigawe kwa nini hakuna king'ora. Akasema kwao sheria inataka foleni ikianza tu kuwa ya mwendo wa kutembea kwa miguu, madereva wanaacha njia katikati papo hapo, hawasubiri kusikia kitu. Wa leni ya pembeni kabisa upande wa ukingo wa kati anabana huko, wengine wote wanabana upande wa pili. Usipofanya faini inaanzia yuro 200. Yaani king'ora kikija njia ilishafunguliwa kitambo. Wenyewe wanaendesha kulia lakini ukigeuza ni kama alivyosema dereva wa zamu hapo juu.

mzee_wa_Haisi
Huku ukiacha njia wazi katikati kabla ya king'ora, kufika dakika ya pili vifodi vitatu vishatanua humo, na nyuma yao bajaji. Mjerumani aje na polisi wake.

Guide_Marangu
Hahaha kweli mzee. Mi sijasema tuige yote. Ila wazo la kuacha nafasi mbele yako kabla ya shida linafaa hata huku.

Kingine wakuu, huku kwetu mlimani kuna magari ya dharura ambayo hayana king'ora. Mtu akizidiwa na urefu wa mlima, mapafu yamejaa maji au kichwa kimevimba, dawa ya kwanza ni kumshusha, na akifika getini mara nyingi anapakiwa Land Cruiser ya kampuni inamkimbiza KCMC au hospitali nyingine hapo Moshi. Ukiona cruiser ya utalii inashuka barabara ya Marangu hazadi zinawaka na honi haikatiki, usidhani ni mbwembwe za madereva wa utalii. Mpishe.

Mangi_wa_Uru
Hapo nauliza sasa. Gari binafsi lina mgonjwa, limewasha hazadi, linapiga honi. Lina haki gani? Maana kesho kila anayechelewa kazini atawasha hazadi.

Theory_na_Vitendo
Kisheria halina haki ya ziada. Halina ruhusa ya kuvuka nyekundu wala kutanua upande wa pili, dereva akigonga anabeba msalaba wake. Na hazadi kazi yake ni gari lililosimama au lenye hitilafu, ukitembea nazo zinaficha indiketa zako, wa nyuma hajui unakata kona lini. Kwaiyo ukimbeba mgonjwa mwenyewe tumia taa za mbele na honi, indiketa ibaki kuwa indiketa.

Mama_Levolosi
Mwalimu upo sahihi kwa sheria, lakini naomba watu waendelee kuyapisha, maana wagonjwa wengi wanafika kwa taksi, bajaji, na boda. Na kuna mfumo wa m-mama, ukipiga 115 bure kwa mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga, pale ambulensi ikiwa mbali wanamtuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na gari lake ni la kawaida kabisa, Noah au Probox, halina king'ora wala rangi. Mfumo huo ulizinduliwa kitaifa 2022. Kwaiyo hiyo Probox inayokupigia honi huko Ngaramtoni saa nane usiku usiitukane mpaka ujue ndani kuna nini.

Bonde_la_Njiro
Sikujua hili la madereva wa kijamii. Asante dada.

Zimamoto_Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Mmeongelea ambulensi tu, naomba niwakumbushe gari jekundu maana lina tabia zake. Nilikuwa jeshi la zimamoto na uokoaji, sasa nipo shambani.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Gari likibeba lita elfu tano ni tani tano za maji tupu, hapo hujaweka chuma, pampu, mipira, ngazi na askari. Na maji hayakai kimya, ukikata kona yanasukuma gari upande, ukikanyaga breki yanakuja mbele yanasukuma tena. Ndo maana gari la zimamoto halisimami pale unapofikiri litasimama. Mtu anakuchomekea mita kumi mbele ya bampa akidhani kuna breki kama za Vitz. Gari letu lipe umbali, na usivuke mbele yake hata kama linaonekana liko mbali.

Pili, hatuji peke yetu. Likipita la kwanza lenye ngazi, nyuma linakuja la maji, nyuma tena polisi, nyuma ambulensi. Watu wanapisha la kwanza vizuri kabisa wanashukuru Mungu wanarudi barabarani kwa kasi, wanakutana na la pili. Likipita moja hesabu pumzi, angalia kioo, sikiliza, ndo urudi. Mnakumbuka ajali ya Kibaoni Ngaramtoni Februari 2024 iliyochukua watu 25. Siku kama ile magari ya uokozi hayaji moja wala mawili, na barabara ni ileile.

Tatu, mkiona sisi tumesimama kazini msipite juu ya mipira. Mpira ukikanyagwa na gari wakati una maji unaweza kupasuka au kuchomoka kwenye maungio, aliyeshika ncha huko ndani ya moshi anakosa maji ghafla. Nimeona bodaboda wanaruka mipira kama matuta. Na wenye magari ya kuja kushangaa moto sokoni, pakini mbali, mnatuzibia njia ya kurudi kujaza maji. Namba yetu ni 114, polisi 112, piga mapema utaje mtaa na alama ya karibu, kelele hazituonyeshi njia.

boda_Mbauda
Marahaba mzee… samahani shikamoo mzee 🙏 nimechanganya. Hilo la mipira sikulijua kabisa mi nilidhani zile ni ngumu kama tairi.

Zimamoto_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sasa umejua, waambie na kijiweni.

Bonde_la_Njiro
Mi nina swali la kijinga labda. Kwa nini nasikia king'ora wakati gari lishanifikia mgongoni? Sio kwamba nina mziki mkubwa, kawaida tu.

Dereva_wa_Zamu
Sio swali la kijinga. Magari ya siku hizi yamezibwa sauti, ukifunga vioo na AC inavuma, king'ora kinakufikia kikiwa kimepoa. Afu mjini sauti inagonga maghorofa inarudi, pale Mnara wa Saa unaweza kuapa natokea Goliondoi kumbe natokea upande wa pili kabisa. Ndo maana sisi kwenye makutano tunabadilisha mlio, ule mrefu unakuwa mfupi mfupi wa haraka, mlio mmoja sikio linauzoea. Dawa yako ni kioo. Angalia kioo cha kati mara kwa mara, taa za juu utaziona kabla hujasikia. Ukihisi kitu shusha kioo cha dirisha kidogo, punguza redio, utajua kiko wapi. Na ukiona magari ya mbele yako yote yanaenda kushoto bila sababu, wewe nenda kwanza, sababu utaijua baadae.

mzee_wa_Haisi
Na sisi wa vifodi tusemeje. Konda anapiga kelele "twende twende", abiria wamejaa, bosi anataka hesabu, ambulensi imefungua njia mbele yako… ni kishawishi kikubwa mwanangu nisikudanganye.

Dereva_wa_Zamu
Najua mzee wangu. Lakini elewa hatari yake. Mimi nikipita, wenye magari niliowagawanya wanaanza kurudi kwenye leni zao, wanaangalia ambulensi imepita, hawakuangalii wewe. Unaingia pale una abiria kumi na kitu wanakuzibia kutoka pande zote mbili. Na mimi nikisimama ghafla mbele, labda mtoto kavuka, wewe upo mita tatu nyuma yangu, unaingia kwenye mlango wa mgonjwa. Huo mlango wa nyuma ndo alipolala.

mzee_wa_Haisi
Hilo la mlango sikuwahi kuliwaza.

Mangi_wa_Uru
Sasa mwanzisha uzi ulisema misafara tutaifikia. Tuifikie.

Ngarenaro_Boy
Haya mangi fungua.

Mangi_wa_Uru
Mi msimamo wangu, msafara wa kiongozi wa nchi sawa, trafiki wanasimamisha, tunasubiri. Lakini wakati huo huo mmefunga barabara ya Moshi–Arusha, ambulensi ikifika pale kwenye kizuizi inakuwaje? Na hawa wenye vimulimuli vya kununua dukani hawaguswi.

Theory_na_Vitendo
Kufunga king'ora na vimulimuli kwenye gari binafsi bila kibali ni kosa, na polisi wanafanya operesheni za kuvitoa. Ila kweli mwenye gari kubwa anaogopwa. Kwa dereva wa kawaida ushauri wangu haubadiliki, huwezi kutofautisha king'ora cha mwizi na cha mgonjwa kwa sekunde mbili ukiwa kwenye 80, pisha vyote, afu ukiona ni tapeli andika namba.

Mangi_wa_Uru
Yaani mwizi anafaidi na mimi najibana.

Dereva_wa_Zamu
Mangi, kuhusu msafara, kwa ninavyofanya kazi mimi napiga simu mapema kituoni wanawasiliana na askari walioko barabarani, nikifika pale mara nyingi ananipitisha. Sio kila mara. Kuna siku nimesubiri na mgonjwa nyuma, sina cha kukuambia hapo. Nakubaliana na wewe.

Chalii wa Kijenge
Swali la mwisho nilale. Nipo njia nne natokea Tengeru kurudi mjini, ambulensi ipo upande wa pili inaenda Usa, katikati kuna ukingo. Nasimama?

Dereva_wa_Zamu
Husimami. Ukisimama leni ya kulia wa nyuma wanakugonga bure. Punguza kidogo, kaa kushoto, angalia kwenye zile sehemu za kugeuzia, maana foleni ikinishinda upande wangu naweza kukatiza hapo nikaja upande wako, na nikija nitakuwa nakuja uso kwa uso na nyie. Mkiniona nimewasha taa fulu naingia kwenye uwazi, wote kushoto kabisa, indiketa zikiwaka.

Chalii wa Kijenge
Hiyo ya uso kwa uso umenitisha kaka.

Dereva_wa_Zamu
Hata mimi siipendi. Ndo maana nawaambia mnigawanyie upande wangu.